Tatu na Pikapu ya Mapafu Mawili

Haya ninayotaka kuyaeleza hakuna atakayeyaamini, na sitamlaumu mtu. Nisingekuwemo ndani ya lile gari siku ile, hata mimi ningemwita msimuliaji mwongo, kisha nikamnunulia chai kwa kazi aliyoifanya. Lakini nilikuwemo. Nilikaa katikati, rungu la gia likinigonga goti, na sindano ya joto ikinitazama usoni kama mama mkwe.

Jina langu Selemani, ila Lukozi nzima inaniita Mjomba Sele, pamoja na wazee walionitangulia kuliona jua. Shule niliacha darasa la nne. Nilifukuzwa kwa kumsahihisha mwalimu. Kwamba mwalimu ndiye aliyekuwa sahihi nilikuja kujua baadaye, na hayo tuyaache. Mkikuta koma imekaa mahali pa nukta, isogezeni wenyewe, mikono mnayo.

Ninayemwandika ni mpwa wangu Tatu, mtoto wa tatu wa dada yangu Zainabu wa Mlola. Naandika nikiwa uani kwake, nimekalia kiti cha gari kilichong'olewa, daftari juu ya paja. Yeye yuko chini ya pikapu. Hapa nilipo naona miguu yake tu, na miguu yenyewe haitulii, inacheza kama ya mtu anayesikia ngoma ya mbali. Tatu hajapata kukaa chini tangu azaliwe. Chai anakunywa amesimama. Ukimsalimu anakuitikia huku sikio liko kwenye injini ya gari linalopita barabarani, na kabla hujamaliza habari za nyumbani atakwambia, "Lile lina beringi mbovu, gurudumu la nyuma kulia."

"Mjomba, unaandika nini huko?"

"Sifa zako."

"Andika kidogo basi."

Ufundi aliupata kwenye karakana ya shamba la chai. Alianza kuchuma majani kama wanawake wengine, wakamwona kila mapumziko anakwenda kusimama mlangoni kwa mafundi badala ya kula. Siku moja fundi mkuu, mtu wa Bukoba aliyeitwa Salvatory, akachoka kumfukuza akampa spana. Akakaa na hiyo spana miaka tisa. Kisha ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara. Shamba likapata mwenyewe mpya, mwenyewe mpya akaja na karatasi, karatasi ikawa na majina ya wanaoachishwa kazi, na jina la Tatu likawa la pili kutoka juu. Vyuma chakavu vya shamba vikarundikwa nje ya uzio, anayetaka abebe. Wenzake walibeba mabati na milango. Tatu alibeba rejeta ya jenereta lililokuwa likiendesha mitambo ya kukaushia chai. Aliibeba kichwani mpaka Mlola, saa tano za kutembea.

Dada yangu akaniita. "Sele, njoo uzungumze na mpwa wako. Wenzake wameleta mabati, yeye kaniletea dude lenye mbavu."

Nikaja nikazungumza naye. Nilimwambia hilo dude halipikiki. Akanijibu, "Shikamoo mjomba," akaendelea kulisugua kwa mchanga.

Sasa njoo upande wa pili. Miaka hiyohiyo ya ruksa, Ismaili, mnunuzi wa kabichi hapa Lukozi, rika langu ila mimi ndiye mzuri wa sura, alikwenda Dar akarudi na pikapu ya mtumba kutoka ng'ambo. Zamani gari uliomba kwa barua, ukaomba tena kwa barua, ukafa, wakamjibu mwanao. Sasa mtu anakwenda Jumatatu anarudi Alhamisi anapiga honi. Tukatoka wote kuitazama. Ismaili akafungua boneti akatuonyesha chombo kimekaa juu ya injini, cheusi, kimefungwa mkanda wake peke yake. "Hii ni supachaja," akasema. "Inaisukumia injini upepo kwa nguvu. Magari yenu yana pafu moja, hili langu lina mawili."

Jina likakaa papo hapo. Mapafu Mawili.

Na kweli lilikuwa na nguvu, tusidanganyane. Lilipanda mlima wa Magamba na gunia thelathini za viazi likiimba. Tatizo ni kwamba waliolitengeneza hawakuwahi kusikia habari za Magamba. Mtu mwenye mapafu mawili anakula mara mbili na anatoka jasho mara mbili. Rejeta yake ilikuwa nyembamba kama kitabu cha nyimbo. Mwezi wa kwanza likachemka pale Soni. Mwezi wa pili likachemka kabla ya Soni, na siku hiyohiyo likakata krosi, ile nyota ya chuma inayounganisha propela na giaboksi, propela ikaanguka barabarani ikilia kama sufuria. Mara ya tatu likachemka na kuunguza klachi kwa pamoja, kabichi zilizokuwa zikilisubiri Lukozi zikalala juani siku mbili, na Ismaili akapanda kwa miguu akiwa amevaa viatu vya Dar.

Paskali, fundi wa Lushoto mjini, ndiye aliyekuwa akilitibu. Dawa ya Paskali ni moja kwa magari yote, kung'oa thamostati. Hicho ni kifuniko kidogo kinachoyazuia maji mpaka injini ipate joto, ndipo kiyafungulie njia. Paskali alikitupa. Maji yapite tu, alisema, ya nini kuyawekea mlinzi. Matokeo yake ni kwamba huku juu Lukozi, ambako asubuhi ya mwezi wa saba unaweza kukuta barafu juu ya kabichi, gari lilitetemeka baridi mpaka saa nne. Kwa hiyo kila alfajiri tulilivisha. Tulichukua gunia la mkonge, tukalisokomeza mbele ya rejeta ili upepo usiingie, kama unavyomfunika mtoto mgongoni. Huku kwetu kila mwenye gari anafanya hivyo. Ukifika Lushoto jua limetoka, unalivua gunia, unakwenda zako. Likumbukeni hilo gunia.

Mara ya tatu ile ikamchosha Ismaili. Akapata mtu wa Korogwe wa kulinunua. Mtu huyo angekuja Jumamosi.

Jumapili kabla yake Tatu akatokea Lukozi, na rejeta yake kichwani.

"Shikamoo mzee," akamwambia Ismaili. "Nipe gari siku nne. Siku ya tano tushuke nalo Mombo na kabichi, tupande na mifuko ishirini ya saruji mpaka hapa mlangoni. Likichemka njiani, mpe mtu wa Korogwe."

"Na lisipochemka?"

"Usukani uwe wangu. Nilitunze mimi, niliendeshe mimi."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, mpwa wangu mwenyewe, msinitazame hivyo. Milima yote hii, kuanzia Mlola mpaka Malindi yetu ya huku juu, hakukuwa na mwanamke aliyeshika usukani wa gari la mzigo. Ismaili hakucheka. Alikuwa anaitazama ile rejeta.

"Mjomba wako atapanda na sisi awe shahidi," akasema. "Nikisema limechemka asije akasema nimekudhulumu."

Siku nne hizo sikulala vizuri, na yeye hakulala kabisa. Rejeta ya jenereta ilikuwa na safu tatu za mirija pale ambapo ya zamani ilikuwa na moja, ila ilikuwa pana kuliko pua ya gari. Akakata chuma cha mbele kwa msumeno wa mkono, akakichomelea upya kwa Hezekia mchomeleaji. Akachukua debe la mafuta ya kula, akalikunjua, akalikata duara, akalifunga kuzunguka feni, ili feni ivute upepo kupitia kwenye rejeta badala ya kuvuta popote. Propela akaipa krosi nene za Landrova bovu la shamba. Klachi akaipa pleti ya lori dogo, akaipunguza kingo kwa tupa siku nzima, anatupa tupa huku anazunguka gari, anarudi, anaiokota.

Akaenda mwenyewe kwa Paskali kununua thamostati.

"Ya nini?" Paskali akamuuliza. "Niliing'oa kwa faida yenu."

"Naomba yoyote uliyoing'oa kwenye gari jingine."

Akampa kopo zima, achague. Akachagua moja, akaichemsha kwenye sufuria ya dada yangu, akiinamia mvuke, mpaka alipoiona inafunguka. Zainabu, aliyekuja Lukozi siku hizo kutupikia, alikuwa anasubiri hiyo sufuria kwa ugali.

Jambo la mwisho ndilo tuliloligombania. Alilibadilisha puli la supachaja, kile kigurudumu kinachozungushwa na mkanda, akaweka kubwa zaidi, ili kile chombo kizunguke polepole kidogo.

"Umeliondolea nguvu," nikamwambia.

"Nimeliondolea kiburi, mjomba. Nguvu ipo." Kisha akaniambia neno ambalo alilirudia mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nakula. "Na asubuhi msilivishe gunia tena. Thamostati imerudi, litapata joto lenyewe."

Ijumaa ikafika. Alfajiri ukungu umelala mpaka magotini. Kabichi zimepangwa mpaka juu ya kichwa cha gari. Tatu amekagua maji, mkanda, mafuta ya difu, ameingia chini ametoka, ameingia tena ametoka, hatimaye amekwenda kuswali. Nikabaki peke yangu na gari, injini ameiacha inawaka. Likaunguruma kibaridi. Nikalihurumia.

Sitaki kueleza sana hapo. Mkono wa mzee una mazoea yake.

Tukashuka. Kwenye mteremko injini haifanyi kazi, sindano ililala chini kama mtoto aliyeshiba. Magamba, Lushoto, Soni, lami inazunguka, miti inapungua, joto linapanda kutoka bondeni linakupiga usoni. Mombo tukafika saa tatu. Tukashusha kabichi kwenye lori la Dar, tukapakia saruji. Tatu alikuwa chini ya gari muda wote, anazigusa krosi moja moja kama anazipima homa. Akafungua mfuniko wa rejeta kwa juu, maji yamejaa. Ismaili anamwambia twende, twende, kesho mtu wa Korogwe anakuja, nijue moja. Hakuna aliyeinama kutazama mbele. Hata angeinama, gunia lilikuwa limejibana chini kabisa, nyuma ya wavu wa pua, limeshika rangi ya vumbi. Na mwenye gunia alikuwa anakula machungwa.

Kupanda kukaanza. Klachi ilishika kama mkono wa mkulima. Propela haikugonga. Supachaja ilivuma kwa sauti nyembamba, Tatu ameinamisha kichwa upande, anasikiliza, vidole vinapigapiga usukani. Kona ya kwanza, sindano robo. Kona ya tatu, nusu. Ismaili akajikohoza.

"Nusu ni ya kawaida," Tatu akasema.

Kona ya sita ikapita nusu.

"Na hiyo?"

Tatu akabaki na mkono mmoja kwenye usukani. Akashusha gia. Akafungua dirisha akatoa kichwa, akanusa, akakirudisha. Mguu wa kushoto ulikuwa hautulii. Nikamsikia anahesabu kwa sauti ndogo, si kwa ajili yetu, kwa ajili yake mwenyewe: "Maji yapo. Pampu nzima. Feni inavuta. Mkanda haulii." Akatazama sindano. "Upepo. Upepo hauingii."

Hapo nikalikumbuka gunia, chungwa nusu mkononi.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Lakini kushoto kwangu Ismaili amekaa na uso wa mtu aliyekwisha kuuza gari, na kulia kwangu mpwa wangu ana jasho kwenye pua, na maneno "ni mimi" ni maneno mafupi lakini hayakutaka kutoka. Nikaiona kesho yake akilini. Gari linashuka Korogwe na mtu mwingine, na yeye anarudi Mlola kwa miguu, safari hii hana hata rejeta ya kubeba. Kona ya saba. Kona ya nane. Sindano inanusa wekundu. Chini yetu bonde limefunguka, unaona mashamba ya mkonge yamenyooka mistari mpaka mwisho wa dunia.

Basi nikaamua. Sikumwambia mtu. Nilimrukia Ismaili magotini, nikafungua mlango gari likiwa kwenye mwendo, ukingo wa barabara uko hatua moja na chini yake hakuna kitu, nikashika kioo cha pembeni, nikajirusha, nikatua kifudifudi juu ya boneti inayowaka moto, mkono mmoja umeshika waipa, mkono mwingine nikauingiza puani mwa gari kama mkunga, na huku upepo umenivua kofia nikalivuta lile gunia likatoka, na papo hapo nikageuka nikamwona Tatu kwenye kioo ananitazama kwa macho ya

"Mjomba. Gari lilikuwa limesimama."

Miguu haiko tena chini ya pikapu. Yuko nyuma ya kiti changu, tambara la mafuta mkononi, sijui amesoma tangu ukurasa gani.

"Limesimama kidogo," nikasema.

"Limesimama kabisa. Nililiegesha pembeni. Niliacha injini inazunguka, nikashuka, nikafungua boneti. Wewe hukushuka. Ulikuwa umejifunika uso kwa kofia."

"Jua lilikuwa kali."

"Andika ilivyokuwa."

"Nani atasoma habari za gari lililosimama?"

"Andika, mjomba. Au nitaandika mimi, na nitaanzia kwenye machungwa."

Haya. Gari lilisimama. Ismaili akauliza, "Limechemka?" Tatu akasema, "Halijachemka mzee, sindano haijagusa wekundu, itazame hiyo hapo mbele yako." Halikutoa mvuke, hilo ni kweli tupu, mnaweza kumuuliza. Kisha akainama mbele kama anayetafuta sindano ya kushonea, akanyoosha mkono, akalitoa gunia. Lilikuwa la moto. Akalishika juu kwa vidole viwili. Na akanitazama mimi kwa pembeni ya boneti, si kwa muda mrefu.

"Nani kaweka hilo?" Ismaili akauliza.

"Mimi," Tatu akasema. "Nilitaka tujue mapema. Rejeta imezibwa nusu, mzigo mgongoni, mlima wote huu, inafika wapi? Imefika hapa."

"Yaani umelijaribu gari langu na mimi mwenyewe nimo ndani?"

"Ungekuwa nje usingeamini."

Ismaili akasogea mbele kwenye kiti. Akaitazama sindano, ambayo ilikuwa imekwisha kuanza kurudi, polepole, kama mtu anayeteremka ngazi. Tatu akalikunja gunia vizuri. Akafungua mlango wa upande wetu, akaniwekea mapajani, akazunguka, akaingia, akaondoa gari.

Lilikaa mapajani kwangu mpaka Soni, mpaka Lushoto. Magamba lilipanda na mifuko yake ishirini likivuma, sindano imelala nusu haiendi mbele wala nyuma. Wanawake waliokuwa njiani na mizigo ya kuni waliona anayeendesha, wakasimama. Mmoja akaita salamu ya mchana kwa kilugha chetu, "Onga mshi, Tatu," na yeye akapiga honi, honi ya kwanza niliyosikia akiipiga. Mlangoni kwa Ismaili akazima injini. Kilisikika tu kile chuma kinachopoa, tik, tik, tik. Kisha Ismaili akachomoa ufunguo kwenye swichi, akautazama, akamshikisha Tatu mkononi. Mtu wa Korogwe alipofika Jumamosi alipewa chai.

Mimi sikumwambia asante. Wala sikumwambia ni mimi. Alijua, na mimi nilijua kwamba alijua, na Ismaili, nikimfikiria vizuri, siku ile hakulitazama gunia sana, alinitazama mimi. Miaka minne imepita. Gunia lenyewe ninalo. Nimelikalia sasa hivi, kwa sababu chemchemi za hiki kiti zinachoma.

"Sasa umeandika vizuri," Tatu anasema. Amesimama, chai mkononi, mguu mmoja tayari unaelekea kwenye gari. "Malizia, nikaangalie mkanda."

Namalizia. Tangu siku ile Mapafu Mawili halijachemka hata mara moja, mvua na jua, na wala krosi haijakatika, na juzi tu, mkitaka ushahidi, nilikuwa naye tukipanda kutoka Mombo, mlima wote ule hakugusa gia ya kwanza, na nyuma tumebeba mifuko ya saruji sitini na

"Ishirini na mbili, mjomba."